Mshale Usiotetemeka

Tangu Mwamini augue kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa na mambo yake. Aliuambia utulie, ukatetemeka. Aliuambia ushike, ukaachia. Nyumbani aliuzoea. Tatizo lilikuwa kazini, katika kituo kidogo cha redio pale Ruangwa, alikotangaza salamu za jioni. Akishika mausi ya kompyuta, mshale ulikimbia huku na kule kwenye kioo kama kifaranga, na wimbo alioutaka haukubonyezeka. Meneja wake, Ernest, mtu mpole, alikuwa amesema waziwazi: leo ikishindikana, kipindi atapewa mwingine. Mwamini aliogopa. Bila salamu zile asingejua aamkie nini asubuhi.

Mumewe, Rahimu, fundi simu wa Nachingwea, akamtengenezea kibodi na kuiandikia programu yake ya ndani. Kila kitufe kilikuwa na mahali pake kwenye kioo.

"Mausi inauambia mshale sogea kidogo," alimweleza. "Hii inauambia nenda pale. Wewe bonyeza tu, mama Safina, ushafika."

Studioni, sponji ukutani zilimeza sauti zote, na jua la alasiri lilipita kwenye pazia likiwa jepesi, la manjano. Mwamini alijihisi kama anaota: amekaa chini ya maji, na maji hayamlowanishi. Rahimu alikuwa amesimama kando yake. Mwamini akabonyeza kitufe cha juu, cha muziki wa kufungulia kipindi.

Mshale ukatoweka, ukaibukia chini kabisa. Studio ikajaa kaswida ya taratibu, ile ya matangazo ya vifo.

"Kafa nani?" Ernest akauliza mlangoni.

"Bado hatujaenda hewani," Rahimu alijibu haraka, jasho likimtoka.

Mwamini akabonyeza kitufe cha chini. Mshale ukaruka juu. Akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Baba Safina, safu za kwenye kioo umeanza kuzihesabu wapi?"

"Chini. Si kama shambani kwetu Mbekenyera? Mikorosho tunaihesabu kuanzia nyumbani, tukipanda mlima."

"Kompyuta haina nyumba huko chini. Yenyewe inaanzia juu."

Rahimu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akainamia kompyuta yake ndogo, akageuza hesabu na kuirudisha ndani ya kibodi. Ernest akatazama saa, akaketi, akanyoosha kidole: hewani.

Mwamini akainua mkono. Ulitetemeka kuliko siku zote, vidole vikigongana juu ya kitufe kabla ya kukishukia. Mshale haukukimbia popote. Ulitokea pale pale ulipotakiwa, ukatulia, na muziki wake ukaanza.

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Umetulia," Mwamini alimnong'oneza mumewe.

Rahimu aliutazama mkono wa mkewe, bado unachezacheza mezani.

"Umetulia," akaitikia.

Mwamini akafungua kipaza sauti, akawasalimia watu wa Ruangwa.