Bunduki Iliyochomwa Mara Mbili

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo kawaida ya wageni rasmi. Mtaalamu alikuwa ameketi chini ya turubai tangu jua likiwa bado la upole, miguu imemvimba ndani ya viatu, macho yake kwenye lundo la bunduki lililosubiri kuchomwa katikati ya uwanja wa kambi ya polisi. Bunduki zenyewe zilikuwa zimelazwa kwa safu juu ya kichanja kipya cha chuma, zimepangwa vizuri kama kuni za mtu nadhifu. Mbele ya kichanja walisimamisha geti la mapambo, nalo la chuma, rangi yake haijakauka sawasawa. Mioto ya namna hii alishaiona katika nchi zote za jirani, na kusema kweli ilikuwa imemchosha.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Mradi wa pamoja wa nchi za kanda hiyo ulimwajiri azunguke huku na huko, awafundishe polisi na watu wa forodha kuzitambua silaha za magendo, kufuatilia zilikotoka, na zikishakamatwa, kuziharibu zisirudi mitaani. Kabla ya kuharibiwa, kila bunduki ilipigwa alama ndogo ya pembetatu karibu na kifyatulio, kwa nyundo na patasi maalumu. Alama hiyo aliibuni mwenyewe, na maana yake ni kwamba hii imeshahukumiwa, haina safari nyingine. Maafande wa kila nchi wakamwita Mama Pembetatu, naye akaitika, angefanyaje.

Simu ikatetemeka mkobani. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee.

"Mama, umeshapanda ndege?"

"Bado, mwanangu. Ni jioni. Begi liko kwenye gari tayari."

"Wamesema kesho asubuhi ndiyo wananipasua. Mtoto bado amekaa vibaya."

"Usiogope. Wanafanya kila siku hao."

"Naogopa, mama, nikudanganye nini? Mimi nataka kitu kimoja tu. Wakinitoa mle ndani, nikifumbua macho, nikuone wewe. Mama mkwe ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini nataka wewe."

"Utaniona mimi."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

Alirudisha simu mkobani akiwa na furaha kidogo, ya kwanza tangu afike. Mara nyingi alikuwa ameahidi bila kuapa. Safari hii aliapa, na tiketi alikuwa nayo.

Mgeni rasmi akaja, akahutubia, akahutubia tena alipodhaniwa amemaliza, kisha akapewa mwenge. Lundo lilikuwa limeloweshwa mafuta, moto ukapaa kwa kishindo, wapiga picha wakakimbizana, watu wakapiga makofi. Mama Pembetatu naye alipiga, makofi mawili matatu ya heshima. Moto ule ni wa macho tu. Unachokula ni mbao za vitako. Chuma chenyewe hupata moto, hugeuka rangi, kisha hupoa na kubaki chuma, na mhalifu mwenye seremala na subira ataivisha bunduki kitako kipya, airudishe kazini. Ndiyo maana baada ya picha lazima ije tochi ya gesi, ikate kiwiliwili cha kila bunduki vipande vipande. Somo hilo alikuwa amelifundisha mpaka koo likamkauka.

Wageni walipoondoka na majivu kumwagiwa maji, alimwita fundi wa kuchomelea, jitu la miraba minne lenye miwani myeusi juu ya paji la uso.

"Haya fundi, tuanze kukata. Nina ndege."

Fundi akaangalia chini kama mtoto aliyevunja sahani. "Mama, gesi imeisha."

"Imeishaje? Juzi nimeikagua mwenyewe, mitungi imejaa."

Fundi alinyoosha kidevu kuelekea geti la mapambo.

"Gesi ya kukatia bunduki mmechomelea geti?"

"Na kichanja, mama. Na ile ngazi ya mgeni rasmi. Tuliambiwa mahali papendeze."

Angekuwa na nguvu angecheka. Alisimama tu, mikono kiunoni, akilitazama geti ambalo lingeng'olewa wiki ijayo na kutupwa nyuma ya jiko.

Afande mkuu wa kambi akaja akijipangusa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Siku zote hizo alikuwa akimletea chai kwa mkono wake na kumuulizia hali ya binti yake. Hata sasa alichokitaka ni kuvua buti zake na kupumzika, na hilo nani angemlaumu?

"Mama, wewe nenda zako, usije ukaachwa. Gesi inaletwa kesho. Tutamalizia wenyewe."

"Na kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika zimeharibiwa. Kesho si zitakuwa zimeharibiwa?"

Akakubali. Akili yake ilishafika uwanja wa ndege, imeshashuka upande wa pili, inautafuta mlango wa wodi. Aliwashika mikono wote, akaelekea kwenye gari, na kwa mazoea tu ya kazi, alipopita kando ya lundo, aliigeuza bunduki moja kwa ncha ya kiatu.

Karibu na kifyatulio palikuwa na pembetatu mbili.

Akainama. Moja ilikuwa mpya, kali, iliyopigwa jana na askari aliowafundisha. Ya pili ilikuwa pembeni yake, imejaa rangi nyeusi iliyoanza kubanduka kwa moto. Pengine vijana waliopiga alama jana hawakuiona chini ya rangi hiyo. Akaisugua kwa kidole gumba. Kona yake moja ilikosekana, kwa sababu patasi yake ya mwaka jana ilikuwa na pengo kwenye kona, na alipomaliza kazi kama hii kule ng'ambo ya mpaka aliitupa akachonga nyingine. Kule nako palikuwa na mgeni rasmi na makofi. Kule nako kulikuwa na afande mwenye adabu zake aliyemwambia aende zake, watamalizia wenyewe, naye akaandika kwamba zimeharibiwa.

"Hii ilikamatwa wapi?" aliuliza, bado ameinama.

Afande akasogea. "Hizo za safu ya mwisho? Ni za lile genge la barabarani. Waliosimamisha basi, wakaua watu."

Hakuuliza basi hilo lilibeba nani. Dereva akapiga honi, mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili bila heshima. Ndege nyingine ingekuwa baada ya siku tatu. Mama Pembetatu alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, na kwa muda alikaa hivyo akichukia kila kitu, geti, gesi, mgeni rasmi, na miguu yake mwenyewe iliyoshindwa kupita lundo moja kwa moja. Kisha akapiga simu.

"Mama! Uko uwanja wa ndege?"

"Sijaondoka, mwanangu. Wala siondoki leo."

Alimsikia binti akivuta pumzi.

"Uliniapia."

"Niliapa."

"Hakuna mtu mwingine hapo? Nchi nzima hiyo, hakuna mtu wa kuangalia vyuma?"

"Wapo. Watu wazuri tu wote. Na mwaka jana nilimwachia mtu mzuri, nikaondoka, na leo nimeiona moja imerudi. Imeua, mwanangu. Nikiondoka, hizi nazo zitarudi."

"Sawa." Sauti ilikuwa imepoa. "Kaa. Ila nakuomba, mama, usije ukaniambia ulikaa kwa ajili yangu na mtoto. Usiniambie hivyo hata siku moja."

"Sitakwambia."

"Haya," binti akasema, na laini ikakatika.

Usiku ule alilala chumba cha zamu, kama kule ni kulala. Afande alikuwa ameonyeshwa zile pembetatu, na asubuhi aliingia na gari la gesi, akabiringisha mtungi kwa mikono yake mwenyewe bila kuagiza askari. Ile bunduki ya alama mbili ilifungwa kwenye mfuko wa ushahidi, kwani ilikuwa na maswali ya kwenda kujibu kule ilikotoka. Nyingine zote zilikuwa za kukatwa.

Kazi ikaanza. Fundi alikata, yeye akapokea kwa koleo, akakagua, akatupa kwenye pipa, akapokea nyingine. Cheche ziliruka mpaka kwenye viatu. Kila baada ya bunduki kadhaa alitazama simu, na simu ilimtazama tu.

"Mama," fundi alisema akijaribu kumchangamsha, "na geti tulikate?"

"Geti liache. Ndicho kitu pekee mlichokimaliza."

Fundi akacheka, na hata afande akacheka, akainamisha kichwa.

Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipoita.

"Fundi, zima."

Tochi ikazimika. Uwanja mzima ukawa kimya, akasikia jinsi masikio yalivyokuwa yakimvuma.

"Mama." Sauti ilikuwa nyembamba, imelegea kwa dawa.

"Mwanangu. Mwanangu, uko salama?"

"Ngoja."

Kukawa na mchakacho, kisha kilio cha mtoto mchanga, kikavu, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa bila kuulizwa. Mama Pembetatu aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Machozi yalimjaa ndani ya miwani ya kazi, naye hakuivua.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ni wa kike." Binti akapumzika kidogo. "Nilipofumbua macho nilimwona mama mkwe. Alinishika mkono, mama. Alinishika vizuri sana."

Maneno yalimjaa mdomoni, yale yote kuhusu basi, na barabara, na mtoto huyu ambaye siku moja naye atapanda basi. Yalikuwa ya kweli. Ndiyo hasa yale aliyokatazwa kuyasema, basi akayameza.

"Mwambie nimemshukuru," akasema.

"Zimebaki nyingi?"

Aligeuka akalitazama lundo. "Zimebaki."

"Maliza basi," binti akasema, na simu ikakatika.

Fundi alikuwa amesimama na tochi baridi mkononi, anaogopa kuuliza. "Kheri, mama?"

"Kheri. Nimepata mjukuu."

Jitu lile likaangua kicheko cha furaha, likainua mikono kutaka kumpongeza, afande naye akaja mbio. Lakini yeye alikuwa ameshainama, ameshaishika bunduki nyingine kwa koleo, amemwelekezea fundi upande wenye kifyatulio.

"Washa," akasema.