Maswali Aliyoulizwa Sista Atabo

Siku ambayo wifi yake, Wato, alishikwa na uchungu wa kujifungua, Dahabo Molu alikuwa na barua kwenye simu ambayo hakuwa amemwonyesha mtu yeyote ila Wato mwenyewe. Chuo kikuu kilikuwa kimemkubali kusomea udaktari. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu jioni, ndiyo au hapana, na tangu barua ifike alikuwa akiifungua na kuifunga, kama mtu anayechungulia kisima kirefu.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, wakili mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa mjini Isiolo. Watu walimwogopa kortini. Babake, Mzee Molu, alipenda kuwaambia wenzake hivyo baada ya swala, na wenzake waliitikia kwa heshima.

Jambo lililomvuta kwenye udaktari ndilo hilohilo lililomtia hofu. Mwaka uliotangulia alimwakilisha mwanamume aliyefiwa na mkewe kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, katika zahanati moja ya kibinafsi. Ili ajue pa kushika, alisoma vitabu vya ukunga kwa miezi mitatu. Alianza kwa ajili ya kesi, akajikuta anaendelea hata baada ya kupata alichokitaka. Kisha wakamsimamisha kizimbani muuguzi aliyekuwa zamu peke yake siku hiyo, Sista Everlyne Atabo, mama wa miaka hamsini na kitu, na Dahabo akaanza kumuuliza. Tumbo ulilishika saa ngapi? Kondo la nyuma ulilikagua? Kibofu je? Sindano ya kuzuia damu uliitoa kwenye friji saa ngapi? Kwenye swali la saba Sista akasema, "Sikumbuki." Dahabo akalirudia neno hilo mbele ya hakimu, polepole, ili liandikwe vizuri.

Alishinda kesi. Sista Atabo hakurudi kazini tena. Wote wawili walikaa mtaa wa Wabera, mageti manne tu kati yao, na Dahabo akazoea kuzunguka nyuma ya msikiti ili wasikutane.

"Nikiwa daktari," alimwambia Wato siku moja wakichambua mchele, "kuna siku mtu atanifia mkononi. Halafu atakuja wakili kama mimi."

Wato, mke wa kakake, alicheka huku ameshika tumbo lake. "Basi wewe usife moyo kabla mgonjwa hajafa."

Uchungu ulikuja Jumamosi mchana, wiki tatu kabla ya wakati. Dullo, mumewe Wato, alikuwa Garbatulla kwenye mnada wa mifugo. Mzee Molu alikuwa ametoka kwenda kuswali Alasiri. Dahabo alimpigia dereva wa tuktuk, akaambiwa dakika ishirini. Alipoingia tena chumbani, Wato alikuwa amepiga magoti, ameng'ang'ania kitanda, na alichokiona Dahabo kilimfanya arudi nyuma hatua mbili. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Vitabu vyote alivyosoma vilimtoka. Alijua mtu mmoja tu wa karibu awezaye kuzalisha. Alikimbia bila viatu.

Sista Atabo alikuwa uani akianua nguo. Alipomwona, aliikumbatia shuka aliyoishika.

"Habari, Sista."

"Umeniletea karatasi gani tena, wakili?"

"Si karatasi. Ni wifi yangu. Mtoto anatoka, na gari haijafika."

"Mngoje gari."

"Hatutafika, Sista. Tafadhali."

"Na akifa?" Sauti ya Atabo ilikuwa ndogo. "Nakuuliza. Akifa mkononi mwangu, utanipeleka wapi?"

Hapo sauti ya Wato ikafika mpaka pale uani, mlio mrefu usiokuwa na maneno. Atabo aliidondosha shuka, akaingia ndani, akatoka na glavu na mkasi ndani ya kopo la maji moto. Ndiye aliyetangulia mbio.

Mtoto alitoka salama, msichana, akalia mara moja. Kondo la nyuma likafuata. Atabo aliligeuza ndani ya karai, akalitazama pande zote, akasema limekamilika. Dahabo alishusha pumzi. Halafu akaona damu.

Haikutoka kwa kishindo. Ilikuja taratibu na haikukoma, ikaloweka leso ya kwanza, ikaingia kwenye ya pili. Midomo ya Wato ilibadilika rangi. Dahabo alimgeukia Sista amwambie cha kufanya, akamkuta amesimama na mikono hewani, macho yamemtoka.

"Ni kama ile," Atabo alinong'ona. "Ni kama ile siku. Siwezi. Wakili, sikumbuki."

Dahabo alitaka kutoka nje, akae kwenye vumbi, mtu mzima aje. Lakini hapakuwa na mtu mwingine, na kitu pekee alichokuwa nacho kilikuwa yale maswali. Aliyataja, si kwa sauti ya kortini, bali kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Tumbo, Sista. Tumbo kwanza. Halafu kibofu. Halafu mtoto anyonye."

Atabo alimtazama kama anayeamka.

"Lete mkono," akasema. Aliukamata mkono wa Dahabo akaukandamiza chini ya kitovu cha Wato. "Sugua. Kwa nguvu. Usimwonee huruma."

Ndani mlikuwa laini kama unga uliotiwa maji mengi. Dahabo alisugua huku machozi yanamtoka. Wato alilia aachwe. Baada ya muda, kitu kikajikusanya chini ya kiganja, kikawa kigumu kama mpira, na damu ikapungua. Alipolegeza mkono apumzike, kikalainika tena.

"Usiache!" Atabo alimfokea. Mikono yake sasa ilikuwa inafanya kazi, imempa Wato beseni akojoe, imemweka mtoto kifuani, imefunga leso nyingine.

Tuktuk ilipofika walimbeba wakiwa wamefungamana hivyo. Dahabo aliinama katikati ya viti, mkono haubanduki, na kila shimo la barabara lilimwambia kwamba hapo ndipo Wato atakata roho. Wato alisema mara moja tu, "Nasikia baridi." Dahabo aliyajua maneno hayo. Yalikuwa kwenye faili. Yule mama mwingine aliyasema pia, na kortini Dahabo aliyasoma kwa sauti bila kutetemeka.

Hospitalini wauguzi wawili walimpokea. "Achilia, dada, tumemshika," mmoja alimwambia, na ikabidi amfungue vidole kimoja kimoja. Wakatia dripu, wakachoma sindano, wakafunga pazia.

Dahabo alinawa damu kwenye bomba nje ya wodi. Atabo alimletea maji ya kunywa, kisha wakaketi kwenye benchi, mtoto amelala mapajani mwa Sista. Saa nzima ilipita kabla daktari hajatoka kuwaambia kwamba damu imekoma na mgonjwa anaongea.

"Sista, nisamehe."

Atabo alimpangusa mtoto mdomo.

"Nimeitwa kusomea udaktari," Dahabo akasema. "Naogopa sana."

"Usiende ili mimi nikusamehe." Atabo alimfunika mtoto vizuri. "Na usidhani hiyo hofu itaisha. Mimi niliogopa miaka ishirini na sita, kila mama. Ilinifanya niangalie mara mbili. Ni baada ya korti ndipo iliponifunga mikono."

Jumapili Dahabo alimweleza babake. Mzee Molu aliweka tasbihi yake chini.

"Watu wanakuogopa," akasema. "Sasa unataka uwe wewe unayeogopa?"

"Naogopa tayari, Abba."

Mzee aliuliza ni nani atachukua kesi zake, naye akamtajia wakili mwenzake. Hakusema amekubali wala amekataa. Jumatatu Dahabo alijibu ndiyo, kisha akaanza kupanga mafaili ya kumkabidhi mwenzake.

Aliondoka kwenda chuoni Septemba. Sista Atabo hakurudi kazini. Lakini wanawake wa Wabera walikuwa wamesikia, wakaanza kumbishia geti uchungu ulipowashika. Huwa anatoka nao, anawashika mkono kwenye tuktuk, anawahesabia pumzi. Anafika nao mpaka mlango wa wodi. Kuingia ndani bado hajaweza.