Msiba wa Gaudensia

"Baba Julieth, unahangaika bure," Gaudensia alimwambia mumewe Deus kwa upole, amekaa mkekani nyumbani kwao Ng'ambo. "Mimi nimekufa. Maiti hali chakula."

Tangu juzi hakuwa ametia kitu mdomoni. Daktari wa magonjwa ya akili alishampa dawa, akamwonya Deus kwamba ugonjwa huo wa mtu kujiona amekufa upo na hausikii hoja, na asipokula atarudishwa wodini alishwe kwa mpira. Lakini Deus ni fundi pikipiki, mtu wa kutaka kujua kila kitu kinaendaje. Alibishana weee, hadi akamshikisha mkewe mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Nayasikia," Gaudensia alijibu, "ila hayanihusu."

Jibu lilimtisha Deus, na hapo hapo akalistaajabia. Sasa anayesikia ni nani?

Hoja zilipomwishia akamwita Zabibu, Mzaramo muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Gaudensia ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo wana utani wao tangu enzi za misafara, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukosa adabu na kumwigiza marehemu.

Zabibu hakubisha hata kidogo. Alijifunga kanga kiunoni, akaangua kilio cha uongo. "Poleni wafiwa. Babu zake marehemu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, yeye kijiko tu kimemshinda."

Kisha akaenda jikoni kwa mwendo wa Gaudensia, kiuno huku na huku, akaanza kupika mlenda, maji anamimina tu.

Gaudensia alivumilia, akashindwa. "Sikuwa natembea hivyo."

"Marehemu hasemi."

"Na mlenda wangu haukuwa maji."

"Nani atathibitisha? Mwenyewe hayupo."

Gaudensia akainuka akipepesuka, akamnyang'anya mwiko, akaonja. Akakunja uso, akaonja tena. Deus alisimama mlangoni haamini macho yake. Starta ya pikipiki imekufa kabisa, na bado kiki ya mguu inawasha! Alimpenda mkewe saa ile kuliko siku ya harusi.

"Msijidanganye, nimekufa kweli," Gaudensia alisema akiongeza karanga. "Ila sizikwi na aibu ya mlenda huu. Leteni ugali niupime."

Deus akaleta ugali, akapiga goti, akamnawisha mikono. Gaudensia alimeza tonge la kwanza, akakata la pili. Zabibu alijifunika kanga usoni akalia, na safari hii hakuwa anaigiza.