Somo wa Witness

"Kaza mkono," Hafsa alisema. "Ukaze kuanzia begani. Tufe likikuona umelegea linakudharau."

Ulikuwa uongo mtupu, na Hafsa alijua. Witness akaitikia, "Sawa, somo," akakaza mkono mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akapiga hatua zake nne na kuliachia tufe. Likaenda kidogo, likapinda kushoto, likatumbukia kwenye mfereji wa pembeni. Kule mwisho pini kumi zilikuwa zimesimama vilevile.

"Utazoea," Hafsa alisema.

Tusimwonee lakini. Miaka saba alikuwa kwenye ukumbi ule wa boling wa hoteli, Shangani, Mtwara mjini, akigawa viatu kwa wateja, akivinyunyizia poda vikirudi, akifuta mafuta kwenye matufe mpaka yang'ae. Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa hawapo, wafanyakazi waliruhusiwa kucheza, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyempita. Hakufundishwa na mtu. Aliwatazama wahandisi wa gesi wakicheza, akaiba kwa macho. Sasa hoteli ilikuwa imealikwa kwenye mashindano Dar es Salaam, nafasi ya mwanamke ni moja, na mshindi wa Jumamosi ndiye wa kwenda. Hafsa alikuwa ameshashonesha gauni la safari.

Ndipo akaletwa huyu Witness kutoka Kitaya, kuja kufua mashuka. Jumatatu yake ya kwanza akaangusha pini nane, halafu tisa. Alikuwa amekua akiteka maji kisimani kwa kamba, na mkono wake ulikuwa na mwendo wa ndoo: unashuka wenyewe, unakwenda nyuma wenyewe, unarudi mbele bila kusukumwa. Mwendo huo Hafsa aliutafuta miaka saba na hakuwahi kuupata sawasawa. Huyu mtoto wa juzi anao bure! Roho ilimuuma Hafsa mpaka wali wa mchana ukamshinda.

Witness alikuwa na kosa moja tu, miguu. Aliitanua sana, kama mtu anayeogopa kuteleza ukingoni mwa kisima, kwa hiyo mwishoni aliyumba. Hafsa aliliona hata viatu viliporudishwa: vumbi lilikuwa limeganda ukingo wa nje wa soli ya kushoto, katikati pakiwa pasafi. Dakika tano za kumwelekeza zingetosha.

Jumatatu iliyofuata Witness alikuja na doti mpya ya kanga, akapiga magoti mbele ya kaunta ya viatu, akaitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo dada Hafsa. Naomba unifunde."

"Marahaba. Nikufunde nini, na wewe unacheza mwenyewe?"

"Nabahatisha tu, dada. Nataka uwe somo wangu."

Hafsa akaipokea, akaikata, kipande kimoja akamrudishia mwali wake kama ilivyo desturi, somo na mwali wavae sare, cha pili akakikunja na kukiweka chini ya kaunta. Hapo ndipo alipokosea. Kwao Mikindani, na huko Kitaya pia, kanga ya kufundwa haipokelewi kwa mzaha. Mwali akiharibu mbele za watu, haulizwi yeye. Huulizwa nani alimfunda. Hafsa alilijua hilo tangu alipokuwa mwali mwenyewe, lakini wivu ulikuwa umemkaba, akaiacha miguu kama ilivyo na kuuvuruga mkono.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Zuberi, msimamizi wa ukumbi, alikaa mezani na kalamu yake. Wanawake wengine walishatolewa asubuhi, wakabaki wawili hawa, kila mmoja na zamu kumi. Zilipoisha tano, Hafsa alikuwa mbele kwa pini thelathini. Witness alikuwa akikaza mkono kweli, maskini, na kila alipokaza tufe lilikimbilia mferejini.

"Hivi huyu nani kamfunda?" Beatrice wa mapokezi aliuliza kwa sauti. "Anacheza kama anapiga nguo kwenye jiwe."

Watu wakacheka. Witness aligeuka, jasho linamtiririka, kile kipande cha kanga amekifunga kiunoni.

"Somo wangu ni dada Hafsa," alisema. "Kanifunda vizuri. Mkono wangu ndio mgumu kuelewa."

Kicheko kikakatika. Beatrice akamtazama Hafsa, na Zuberi naye akamtazama. Hafsa akahisi uso unamwaka. Na tusimpambe, huruma haikuwa ya kwanza kumjia. Kwanza aliogopa jina lake, kwamba atajulikana Mtwara nzima kuwa ana roho ya korosho. Halafu akamwona Witness anajikamua ule mkono, anaukandakanda kama mgonjwa, anaulaumu. Ule mkono mzuri. Hafsa akainuka.

"Witness, ngoja. Rudisha miguu karibu. Wa kushoto mbele kidogo. Hapo. Sasa mkono uache."

"Niuache vipi, somo?"

"Uning'inie. Kama ndoo."

"Lakini ulisema nikaze."

"Nilisema," Hafsa alijibu.

Witness alimtazama. Hafsa alitamani aulize, au atukane. Witness alishusha macho, akajifuta kiganja kwa kanga ya kiunoni, akachukua tufe.

Hatua ya kwanza, ya pili. Mkono ukashuka wenyewe, ukaenda nyuma wenyewe. Miguu ikatulia. Tufe likatua bila kishindo na kushika katikati ya njia, na Hafsa, aliyesubiri safari ya Dar miaka saba, hakulifuata kwa macho. Aliutazama ule mkono, uliokuwa bado uko juu, umelegea. Wivu ulikuwa palepale kifuani, haujapungua hata chembe. Alirudi nyuma ya kaunta ya viatu, akainama, akatoa kanga yake iliyokunjwa, akaanza kuifunga kiunoni, bila kugeuka kutazama pini ngapi zimeanguka.