Jina Ambalo Kiilu Hakulitaja

Wilkister alichomeka kisu butu kati ya kurasa mbili zilizogandana za daftari la kuandikishia watoto, akakisukuma taratibu mpaka ukurasa wa juu ukaachia bila kuchanika. Alimpa mwinjilisti Simeon, naye akautandaza juu ya wavu wa kuanikia kahawa na kuukandamiza kwa kokoto nne ili upepo usiuchukue.

"Mwaka ulioletwa hapa ni upi?" Simeon aliuliza.

"Siujui. Hata umri walinikadiria."

"Basi na sisi tutakadiria. Lete mwingine."

Walikuwa uani pa iliyokuwa shule ya bweni ya watoto wasio na wazazi, pale Gitothua, Ruiru. Shule hiyo iliishi kwa michango ya wahisani, na michango ilipokatika, mabibi waliokuwa wakiiendesha walifunga mizigo yao wakaenda zao. Sasa ilikuwa mwaka wa 1958 na mabweni yalikuwa yamejaa magunia ya kahawa. Vitabu vya shule vilibaki kwenye masanduku chini ya paa linalovuja. Simeon alikuwa amekabidhiwa ufunguo, na hakuna aliyemwambia afanye nini na vitabu, kwa hiyo aliamua kuvianika.

Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa Wilkister aligeuza kichwa, akalala upande wa pili. Alikuwa na majuma matatu na bado hakuwa na jina. Nyumbani kwao Makongeni, kule Thika, walimwita Kaana, yaani mtoto tu, kama vile mtu amwitavyo kuku wake kuku. Dada yake mkubwa alikuwa Ngendo, jina la mama yake Kagwe, mume wa Wilkister. Ndivyo Wakikuyu wafanyavyo: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Na mama wa Wilkister aliitwa nani? Wilkister alilelewa katika shule hii hii tangu utotoni, na hakuwahi kusikia mtu akimtaja mama yake.

"Kama halipatikani, langu lipo," Tata Waceke, shangazi yake Kagwe, alikuwa amekwisha kusema. "Waceke. Jina zuri, halijachakaa."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya juma lijalo. Wilkister hakuwa na ugomvi na jina la Waceke. Ila alijua kwamba likipita hilo, mama yake atakuwa amepotea mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumtafuta.

Adhuhuri ilipokaribia, Simeon aliinamia ukurasa mmoja kwa muda mrefu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Simeon alikisoma Kiingereza kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

"Wilkister. Msichana. Umri, kama miaka miwili. Ameletwa na Kiilu, mpishi. Mama, amekufa. Jina la mama..." Alifuata mstari kwa kidole. "Halijulikani."

"Soma tena."

"Halijulikani, mama. Nikisoma mara kumi litakuwa hivyo hivyo." Alimtazama, akapunguza sauti. "Lakini Kiilu namjua. Aliacha kazi hapa ukiwa bado mdogo sana. Yuko kwenu Thika, Kiganjo. Ukisikia harusi ambayo watu wamekula wakashindwa kwenda nyumbani, yeye ndiye amepika. Nenda, hizi nitazigeuza mwenyewe."

Jumamosi Wilkister na Tata Waceke walikwenda Kiganjo. Waceke alisema anamsindikiza kwa ajili ya kumbebea mtoto, lakini mtoto alibebwa na Wilkister na Waceke alibeba maoni yake.

"Mkamba," alisema njiani. "Umeolewa kwetu miaka sita, kumbe mpishi wa Kikamba ndiye baba yako."

"Ameandikwa aliyenileta, tata. Hakuandikwa baba."

"Mimi sijasema kitu."

Walimkuta Mzee Kiilu ameketi kwenye gunia akichambua maharagwe, mzee mnene mwenye mikono mikubwa. Alimtazama Wilkister, akaendelea kuchambua, kisha mikono ikasimama.

"Wewe ni yule wa ukoko," alisema. "Macho ni yale yale. Ulikuwa huli ugali. Unangoja nikwangue sufuria, unakaa mlangoni na ukoko kama panya aliyepata kazi ya serikali."

Wilkister alicheka kabla hajasalimia. Kamene, mke wa mwana wa Kiilu, aliwaletea vigoda na chai, na mazungumzo yakaanza pasipo shida. Naam, yeye ndiye aliyempeleka shuleni. Baba? Hapana, hakuwa baba yake wala ndugu. Alikuwa jirani tu. Mama yake Wilkister alikuwa Mkamba kama yeye. Alikuja Ruiru mwaka wa njaa na mtoto mgongoni, mume amekwisha kufa, akapata kazi ya kuchuma kahawa.

"Alikuwa anajaza debe lake kabla wenzake hawajafika nusu," Kiilu alisema. "Halafu anakwenda kuwasaidia wazembe, na huku anawasema. Watu walipenda kuzembea karibu naye, maana matusi yake yalikuwa matamu. Baridi ya mwezi wa saba ikamwingia kifuani. Hakumaliza juma. Mimi nikakuchukua, nikakupeleka jikoni, na wale mabibi wakakubali ukae."

Wilkister aliyapokea maneno hayo moja moja. Kwa miaka yote mama yake hakuwa na sura; sasa alikuwa na debe na mdomo.

"Aliitwa nani, mzee?"

Kiilu aliinua harage moja, akalikagua kama lina kasoro.

"Alikuwa na jina zuri," alisema. "Kamene, ongeza chai."

"Lipi?"

"La huko kwao."

"Mzee amesahau," Waceke alisema.

"Sijasahau."

"Basi litaje, tumetoka mbali."

"Makongeni si mbali. Na silitaji."

Waceke alimwinamia Wilkister sikioni. "Kuna jambo. Mtu hafichi jina bure. Twende, mwanangu, kabla hujasikia usichokitaka."

Mama huyo aliyejaza debe alikuwa amefanya nini hata jina lake lisitamkike mchana? Wilkister alikuwa karibu kusimama. Lakini alimwangalia tena mzee, akaona si uso wa mtu mwenye siri chafu. Ulikuwa uso wa mtu aliyebanwa kwenye kona na wageni wake mwenyewe.

"Mzee," aliuliza, "hutaki, au huwezi?"

Kiilu alishusha pumzi. "Siwezi. Umeuliza vizuri. Kamene, waeleze."

Kamene alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. "Mama yako aliitwa kama mama mkwe wa mzee," alisema. "Na kwetu mwanamume hataji jina la mama mkwe. Tangu amuoe mkewe hajalitamka. Akikutana sokoni na mwanamke mwenye jina hilo anamwita, wewe wa pale."

"Huyo mama mkwe yuko wapi?" Waceke aliuliza.

"Alikufa zamani."

"Sasa mzee anaogopa nini?"

"Siogopi," Kiilu alisema. "Naheshimu."

"Kamene, litaje wewe."

"Silijui, mama. Nimeolewa nikakuta amezikwa. Hapa anaitwa Nyanya wa Yatta, basi."

Wilkister alikumbuka ukurasa ulioanikwa Gitothua. "Kwenye kitabu cha shule wameandika halijulikani."

"Nani ameandika?" Kwa mara ya kwanza Kiilu alionekana kukasirika. "Bibi aliniuliza, nikamwambia mimi siwezi kusema, amuulize mke wangu. Mke wangu alikuwa hapo nje, anafua. Hatua kumi hazifiki. Akaandika halijulikani? Linajulikana sana."

"Na mke wako yuko wapi leo?"

"Nduku yuko sokoni. Atarudi jioni."

"Jioni sisi lazima tuwe nyumbani," Waceke alisema, na wote walijua ni kwa nini. Miaka hiyo ya hali ya hatari, Mkikuyu hakutembea saa aliyopenda. Waceke aliweka kikombe chini, akakunja mikono ya blauzi. "Sikiliza, mzee. Mimi nitataja majina, wewe utikise kichwa."

"Kutikisa kichwa pia ni kusema."

"Sawa. Lisilokuwa hilo utasema hapana. Hiyo si dhambi?"

Kiilu alifikiri kwa makini. "Hiyo si dhambi."

"Syokau."

"Hapana."

"Mwikali."

"Hapana."

"Kamene."

"Huyu ananiita Kamene kutwa nzima," Kamene alisema. "Tata, fikiri."

"Najua Wakamba wangapi mimi? Ngoja. Ndinda."

"Hapana."

"Mueni. Kalekye." Kwa yote mawili mzee alisema hapana. "Yule anayeuza vikapu karibu na stesheni, anaitwa nani yule? Mbula."

Kiilu hakusema hapana. Aliangalia paa. Aliangalia kuku. Kisha alisimama, akajipangusa maganda ya maharagwe mapajani, akaenda nyuma ya nyumba kama mtu aliyesikia ng'ombe akilia, ingawa hakuwa na ng'ombe.

Wanawake watatu walitazamana. Kamene ndiye aliyeanza kucheka, kisha Waceke, kicheko kilichomtoa machozi. Wilkister hakucheka mara moja. Alilitamka jina hilo mara moja kwa sauti ndogo, alisikie likitoka kinywani mwake.

"Nimejinyang'anya mtoto kwa mdomo wangu," Waceke alisema, akijifuta macho. "Mbula wa Kagwe. Hebu nimwone." Alimchukua mtoto, akamkagua. "Sijui Kikamba, Mbula, na wewe hujui. Tutajifunza."

Wakati huo Nduku aliingia uani na kikapu kichwani. Sokoni mambo yalikwisha mapema. Alipoelezwa hakuonyesha mshangao wowote. "Mbula, ndiyo. Kama mama yangu. Nililia sana siku alipokufa mama yako. Mzee yuko wapi?"

"Ametoroka."

"Atarudi. Chai yake bado iko." Aliketi karibu na Wilkister, akamshika mkono. "Jina peke yake halitoshi, mwanangu. Alikuwa na kaka huko kwao. Wawili."

"Watatu," sauti ilisema kutoka nyuma ya nyumba. "Na hao naweza kuwataja. Mkubwa ni Nzomo."

"Nzomo alikuwa binamu."

"Alikuwa kaka. Alikuja kulipa jembe alilokopa dada yake."

"Aliyelipa jembe ni Mbaluka, mzee."

Kiilu alitokea. Alipita mbali kidogo na mtoto, akainamisha kichwa kwa adabu upande wake, ndipo akaketi. Waceke alikuwa anaanza kucheka tena.

"Mimi huyu nitamwita Wa Wilkister," Kiilu alisema. "Msinicheke. Sasa, Nzomo alikuwa na mke wa Kangundo..."

Wilkister alitamani kukaa, lakini Waceke alikuwa amesimama, anatazama kimo cha jua na kujifunga kitambaa.

"Kesho baada ya ibada," Nduku alisema. "Njoo na Kagwe. Tutaanza na huyo wa jembe."

"Tutaanza na Nzomo," Kiilu alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.