Mstari wa Pili

Habari hii nilisimuliwa na Yosefina wa Mofu, mwaka tisini na saba, tukipepeta mpunga uani kwake. Aurelia, ambaye habari inamhusu, ni dada yake.

Levina, binti wa Aurelia, aliporuhusiwa hospitali Ifakara alirudi na kadi. Juu, kabla ya jina lake, palikuwa na neno la Kizungu: Patient. Bintiye Noela, aliyekuwa kidato cha kwanza, akapekua kamusi yake isiyo na jalada.

"Mama, wamekuandika mvumilivu!"

"Kumbe waliniona!" Levina akaivuta kadi. "Nilidungwa sindano kimya. Yule wa kitanda cha pili alilia utafikiri anachinjwa."

Aurelia akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo wakamwita Mvumilivu. "Mvumilivu, lete maji." "Mvumilivu, uji tayari." Maumivu ya tumbo yalipomrudia, Aurelia alimwona anauma pindo la khanga.

"Ndiyo maana walikuandika, mwanangu," akamwambia. Akamsifu.

Siku ya nne macho yakamlegea Levina. Wakampakia kwenye trekta, juu ya magunia ya mpunga. Kufika hospitali, nesi akauliza, "Bibi, mbona mmemchelewesha?"

"Si nyie mlimwandika mvumilivu?"

Nesi akaitazama kadi. "Hapa ni mgonjwa tu, bibi. Kila anayetibiwa anaandikwa hivyo."

Levina alirudi Mofu akiwa maiti.

Matanga yakaanuliwa, Noela bado hali chakula. Alikuwa ameificha kamusi chini ya kihenge cha mpunga. "Bibi, nimemuua mama. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa mgonjwa, nikauacha."

Asubuhi yake Aurelia akaichukua kamusi, akaenda kwa katekista Sylvester, mzee aliyewahi kusoma seminari enzi za misa ya Kilatini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama Levina."

Kusikia jina hilo, Aurelia akakaa chini kwanza. Kisha akauliza, "Neno moja linakuwaje mgonjwa, tena likawa mvumilivu?"

Mzee akaisogeza kamusi mbali na macho. "Wazungu wamelitoa kwenye Kilatini. Pati, ni kuteswa. Kwenye sala ya Nasadiki tuliimba passus: akateswa. Anayeteswa ni mgonjwa. Anayeteswa akanyamaza, wakamwita mvumilivu. Watoto wawili, mama yao ni mateso."

Aurelia akarudi na jua la saa sita. Noela alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wa mama yake.

"Hukumdanganya mama yako," akamwambia. "Alikuwa yote mawili. Wewe ulisoma kitabu. Mimi nilimwona kwa macho anauma khanga, nikamsifu."

Noela akageuka, akamtazama bibi yake, ambaye msiba mzima hakutoa sauti.

"Bibi, panakuuma wapi?"

"Hapa," Aurelia akasema, akashika tumbo lililomzaa Levina. Akalia kwa sauti, majirani wakasikia mchana kweupe.

Baadaye Noela akala matonge mawili ya wali baridi, akasinzia. Aurelia akamfunika kwa ile khanga yenye pindo lililotafunwa, akajilaza pembeni yake. Naye usingizi ukamchukua.