Valsi ya Kabla ya Saa Sita

Asger Munkholm hakuwa na suti nyeusi, hakuwa na ndugu wa kusimama naye siku ya harusi, hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichobaki kwenye mashine ya kukatia majani, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa na mke. Mke sasa alikuwa karibu kumpata. Alichokuwa hana bado ni dansi ya kuolea, na hilo ndilo lililomleta kwangu.

Tangu nistaafu kiwanda cha saruji nafundisha dansi kwenye ukumbi wa kijiji, kila Jumamosi mchana. Hatua nilijifunza vitabuni, katika shule ya jioni, kama nilivyojifunza Kijerumani na historia ya wafalme. Sijamkanyaga mtu tangu mwaka wa hamsini na nne.

Alikuja na mchumba wake, Vibeke, mwenye duka la mikate, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye hajawahi kuolewa. Dada yake Vibeke, Karna, alikuja kucheka.

"Thorvald, mwambie huyu mtu," Vibeke aliniambia kabla hajavua koti. "Nataka valsi ya bibi harusi, kama kila mwanamke wa kisiwa hiki. Ichezwe kabla ya saa sita usiku, maana ikichelewa huleta mkosi, watu watuzunguke, watupigie makofi, watusogelee mpaka tushindwe kugeuka."

"Chochote, ila hiyo," alisema Asger. "Tango. Fokstroti. Hata ile ya vijana ya kurukaruka."

"Utaruka kwa goti lipi, baba?" aliuliza Karna.

Niliweka santuri ya tango. Walikwenda kama watu wawili wanaoshusha kabati ngazini, kila mmoja akihofia ukuta. Karna alikaa chini akajifuta machozi. Vibeke hakucheka. Alisimama katikati ya sakafu, akaitoa mikono ya Asger kiunoni mwake.

"Nimekwenda harusi za watu thelathini na sita," alisema. "Zote nimesimama kwenye duara nikipiga makofi. Sikungoja miaka yote hii nije kubebwa kama kabati. Hakuna valsi, hakuna harusi. Nakupa mpaka Jumapili ijayo, Asger, na sitanii."

Asger aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Haya. Mara moja. Tuone."

Niliwaita wanawake wawili waliokuwa wakipanga vikombe vya kahawa, na pamoja na Karna tukawa wanne wa kufanya duara. Santuri ikaanza. Asger alicheza vizuri, sikutegemea. Mwili wake ulikuwa unakumbuka. Vibeke alifumba macho. Tukapiga makofi, tukasogea hatua moja, tukasogea nyingine. Kwenye mzunguko wa tatu Asger alisimama ghafla, Vibeke akamgonga kifuani.

"Nani yuko nyuma yangu?"

Nyuma yake kulikuwa na ukuta na vigingi vya makoti.

"Kuna mtu anapiga makofi amechelewa," alisema. "Kila pigo anachelewa kidogo."

"Ni Thorvald huyo," alisema Karna. "Vidole vyake vimeota kutu."

Vidole vyangu havina kutu. Nami nilikuwa nimelisikia: kofi moja jepesi, baada ya yetu, kutoka upande usio na mtu. Kisiwani hapa nimemjua mtu mmoja tu aliyepiga makofi hivyo. Ragnhild, mke wa kwanza wa Asger, alifanya hivyo tangu tulipokuwa shule. Aliwasikiliza wengine kwanza, ndipo akapiga.

Asger alitoka nje bila koti. Nilimfuata mpaka kwenye uzio.

"Mimi na Ragnhild tuliicheza sawasawa," aliniambia. "Wewe ndiye uliyeendesha shughuli ile, unajua. Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika kumi, niliitazama kwa macho yangu. Tukacheza kwa wakati, kila kitu kwa utaratibu wake, na miezi saba baadaye nikamzika. Dansi ile ilinidanganya, Thorvald. Sasa nimwingize Vibeke mle mle?"

Nilipaswa kusema pale pale. Nilimwambia kuna baridi, tuingie ndani.

Ukweli ni huu. Usiku wa harusi yake na Ragnhild hotuba zilikuwa kumi na moja, na ndefu kuliko zote ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni mwaka ule na nilitaka watu wajue. Nilisema dakika arobaini, na Kilatini ndani yake. Nilipokaa na kuinua macho, ilikuwa saa sita na dakika kumi. Wanaume walianza kusukuma meza pembeni. Nikapanda kiti, nikaurudisha mshale mrefu nyuma dakika ishirini. Waliokuwa na saa za mkononi walikuwa wamelewa, au walikuwa wapole. Ragnhild peke yake aliniona, kutoka mlango wa jikoni, shela yake mkononi. Aliitazama saa, akanitazama mimi, akaenda kucheza.

Siamini kwamba dakika ishirini zinaua mtu. Nimesoma juu ya ugonjwa wa damu uliomchukua, kurasa nyingi, na saa haikutajwa. Lakini tangu Jumamosi ile, nikigonga yai asubuhi, kuna kugonga kwingine hufuata kutoka ukumbini mwa nyumba yangu. Nikifunga mlango wa kabati, kitu hufunga baada yangu. Mke wangu hasikii. Sijamwuliza mara mbili.

Mara tatu wiki ile nilikwenda nyumbani kwa Asger. Mara ya kwanza tuliongea juu ya mbwa wake. Mara ya pili, mvua. Mara ya tatu alifungua mlango akasema, "Bwana wee, sema au nenda," nikaomba kuazima msumeno. Upo bado kwangu.

Ijumaa nilikaa mezani nikaandika kurasa nane. Niliposoma nikaona ni hotuba ile ile, Kilatini tena, sababu juu ya sababu. Nikazitia jikoni motoni. Kisha nikaandika hivi:

"Asger. Valsi yako haikukudanganya. Hukuicheza kwa wakati. Hotuba yangu ilizidi, nami nikaurudisha mshale wa saa dakika ishirini nyuma. Ragnhild aliniona akanyamaza, nadhani kwa ajili yako. Ile ya kweli hujaicheza bado. Icheze na Vibeke, na mtafute mtu mwingine wa kuendesha shughuli, mwenye maneno machache. Thorvald."

Nilisoma mara moja, sikusahihisha kitu. Nilikunja karatasi, nikalamba gundi, nikaubana ulimi wa bahasha kwa kiganja mpaka ukashika. Nikabandika stempu, nikavaa kofia, nikatembea mpaka kwenye sanduku jekundu mbele ya duka la mikate. Vibeke alikuwa dirishani, anapanga maandazi, akanipungia mkono. Nilimpungia. Kisha nikaitumbukiza barua, nikaisikia ikianguka juu ya nyingine.